Kila Upinde na Kungwi Wake

Saa mbili ya usiku, mwishoni mwa Oktoba, kwenye msitu wa mialoni kaskazini mwa Grand Rapids, nilikuwa nimepiga magoti juu ya majani makavu, tochi kichwani, na kando yangu kijana mmoja mzaliwa wa Uvira ameshika karatasi za chooni. Jioni ile alikuwa amemwachia kulungu mshale wake wa kwanza. Kila tulipoona tone la damu, alichana kipande akakiweka pale pale. Tukigeuka nyuma tunaiona njia yote aliyopita mnyama, vipande vyeupe vimejipanga gizani hadi kwenye mti aliokuwa ameupanda. Baada ya kipande cha kumi na saba damu ikakatika.

"Mzee, huyu tumemkosa," akaniambia. "Turudi tu."

"Simama kwenye karatasi ya mwisho, mwanangu, usitoke hapo," nikamjibu, nikaanza kumzunguka, duara moja dogo, la pili kubwa zaidi, la tatu kubwa zaidi, huku nikigeuza majani kwa vidole.

Tulimkuta hatua sitini mbele, chini ya mti ulioanguka, keshakufa zamani. Kijana aliketi chini akalia kidogo, nami nikamwacha alie. Msimu ujao unakuwa wa nne kwake, na juzi amenipigia simu kuuliza kama anaweza kuazima upinde wangu mdogo, ampe shemeji yake ajaribu.

Naandika haya kwa sababu ya simu hiyo. Tunaozungumza Kiswahili na kuwinda kwa upinde hapa Michigan tu wachache, na kila msimu nasikia malalamiko yale yale: vijana hawaji, mashamba ya kuwindia yamefungwa, majirani wanatutazama vibaya. Malalamiko hayo ni ya kweli. Lakini nimeona pia jinsi tunavyowaleta watu. Tunamkaribisha mtu Oktoba, tunamweka juu ya mti asubuhi moja yenye baridi, haoni kitu, tunamrudisha kwao, basi. Mwaka unaofuata hatumwoni, tunasema vijana wa siku hizi hawana subira.

Kwetu mwari hafundishwi hivyo. Kungwi hamwambii mambo kwa saa moja akamwacha aende zake. Anakaa naye, anamwonya, anamrudia, na hata baada ya kutoka ndani mwari huyo akikwama anajua mlango wa kungwi wake. Mchezo wa upinde unahitaji mtu wa namna hiyo, na kila mmoja wetu mwenye misimu mitatu au minne anaweza kuwa yeye. Mwari mmoja tu, kwa mwaka mzima. Wawili ni wengi.

Anayedhani hilo ni dogo aangalie mchezo wenyewe ulivyofufuka katika nchi hii. Agosti 1911 mtu mmoja alijitokeza karibu na mji wa Oroville, California, peke yake, njaa imemmaliza. Alikuwa wa mwisho wa Wayahi, watu waliokuwa wamewindwa na kuuawa na walowezi hadi wakaisha. Akapewa jina Ishi, yaani "mtu" kwa lugha yake, akaishi San Francisco katika makumbusho ya chuo kikuu. Daktari wa upasuaji wa chuo hicho, Saxton Pope, alikuwa akimtibu, na Ishi akamfundisha kuchonga upinde, kufunga manyoya kwenye mshale, kunyata, kumwita mnyama. Ishi alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1916. Alichofundisha kilibaki kwa Pope, Pope akawinda na rafiki yake Arthur Young, akaandika kitabu mwaka 1923, na mwaka 1925 wawili hao wakafika hadi Tanganyika kuwinda simba kwa mishale. Mwaka 1927 Fred Bear, aliyekuwa akifanya kazi Detroit, aliona filamu ya Young ya uwindaji wa Alaska. Baadaye wakakutana wakawa marafiki, Young akamwonyesha jinsi ya kutengeneza pinde. Huyo Bear ndiye aliyejenga kiwanda cha pinde Grayling, huku huku Michigan, na pinde zake zikaenea Marekani nzima. Ishi, Pope, Young, Bear: mkono kwa mkono, mtu mmoja na mtu mmoja. Na aliyeanzisha mnyororo huo alikuwa mtu aliyenyang'anywa kila kitu, naye akatoa alichobaki nacho. Silisahau hilo kila ninapomshika mtu kiwiko kumrekebisha.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Anza Februari au Machi, si Septemba. Wakati huo hakuna haraka, viwanja vya ndani viko wazi, na mwari ana miezi saba ya kukosea. Jambo la kwanza ni kumpatia upinde unaomfaa yeye, na hapa ndipo wengi wetu tunapoharibu, maana tunampa upinde wetu wa zamani ilimradi upo. Muulize kwanza jicho lake. Mwambie anyooshe mikono yote miwili, aunganishe viganja abakize tundu dogo kati ya vidole gumba, atazame kitu cha mbali kupitia tundu hilo macho yote yakiwa wazi, kisha afumbe jicho moja baada ya jingine. Jicho lililo wazi wakati kitu kinabaki tunduni ndilo linalotawala. Mtu wa jicho la kushoto ukimpa upinde wa mkono wa kulia, atahangaika na shabaha mwaka mzima akidhani hana kipaji.

Kisha uzito wa kuvuta. Mkalishe kwenye kiti, ainue miguu yote miwili hewani, avute upinde polepole akiuelekeza kwenye shabaha. Akilazimika kuuinua juu angani ndipo auvute, uzito huo umemzidi. Usione haya kumwanzishia ratili 30 kwa mazoezi. Wanaume wetu hasa wana ugonjwa wa kutaka ratili 70 siku ya kwanza, na bega likishateguka mchezo umeisha. Na urefu wa mkono upimwe dukani na fundi. Upinde wa kisasa wenye vigurudumu kwenye ncha zote mbili unakoma kuvutika pale ulipotegeshwa, na ukitegeshwa kwa mkono wa mtu mwingine hauwezi kukutii.

Bei inatisha, najua. Upinde mpya na mishale yake unaweza kumla mtu mshahara wa wiki mbili au zaidi, na hatujui kama ataupenda mchezo. Ndiyo maana naomba kila kikundi chetu kiwe na pinde za kuazimana. Tatu au nne tu, zinazoweza kurekebishwa kwa mikono mirefu na mifupi, za kulia na za kushoto, ziwekwe kwa mtu mmoja mwenye daftari. Programu ya kufundisha upinde mashuleni iliyoanzia Kentucky mwaka 2002 ilifanikiwa kwa njia iliyo karibu na hiyo: upinde wa aina moja, unaomfaa mtoto yeyote, mali ya shule. Mzazi haambiwi anunue kitu. Kama mwanao anasoma shule isiyo na programu hiyo, mwendee mwalimu wa michezo umuulize. Mtoto aliyekosa namba kwenye mpira wa kikapu huenda akang'aa pale.

Mwari akishaweza kuweka mishale mitano ndani ya duara la sahani ya chai kwa yadi 15, mpeleke kwenye mashindano ya kulenga wanyama wa sponji yanayopangwa msituni wakati wa kiangazi. Huko atajifunza kukadiria umbali, kupiga akiwa kwenye mteremko, na kutopiga pia. Mfundishe hili la mwisho kama sala: mnyama anayekutazama uso kwa uso humpigi, mnyama anayekimbia humpigi, na zaidi ya yadi 20 mwaka wa kwanza humpigi hata akisimama kama sanamu. Mshale hauui kwa kishindo kama risasi. Unaua kwa kukata na kuvujisha damu, kwa hiyo lazima upite nyuma tu ya bega, kwenye mapafu, na chembe yake iwe na makali ya kunyoa malaika ya mkononi. Wenzetu wapya wanaokumbuka mishale ya sumu waliyoisikia nyumbani waelezwe kwamba hapa hatuna sumu. Tuna ukali wa chembe na subira ya mpigaji.

Kuhusu vibali nitasema kwa ufupi. Aliyezaliwa tangu 1 Januari 1960 anatakiwa awe amepita kozi ya usalama wa uwindaji ili anunue leseni ya kawaida Michigan, lakini ipo leseni ya mwanafunzi ambayo anaweza kuitumia kwa miaka miwili akifuatana na mtu mzima mwenye leseni. Hiyo ndiyo nafasi ya kungwi. Kwa wageni wengi kikwazo ni Kiingereza cha kozi na hofu ya kuvunja sheria bila kujua, hofu ambayo mtu mwenye karatasi za uhamiaji mezani haichukulii kwa mzaha. Kaa naye jikoni mkisoma kijitabu cha kanuni ukurasa kwa ukurasa, kwa Kiswahili. Mwonyeshe pia jinsi ya kuripoti mnyama aliyeuawa kwenye mtandao ndani ya saa 72.

Lakini dungu, hilo halina ufupi. Jukwaa la juu ya mti linaumiza wawindaji wa upinde kuliko kitu kingine chochote tunachokishika, na wengi wanaoanguka ni wazoefu, watu waliopanda mara mia. Mkanda wa mwili mzima unavaliwa chini, miguu ikiwa bado ardhini, na unafungwa kwenye kamba ya usalama kabla ya kukanyaga ngazi ya kwanza. Upinde hupandi nao mkononi. Unaufunga kwenye kamba chini, unapanda, unaketi, unajifunga, ndipo unauvuta juu. Kama huna mkanda wa pili wa kumpa mwari wako, siku hiyo wote wawili mkae chini nyuma ya magogo. Nimemzika rafiki mmoja kwa sababu ya ngazi. Mjane wake hataki kuuona upinde nyumbani, na watoto wake wawili wa kiume, ambao wangekuwa wawindaji leo, hawatakuwa.

Nirudi kwenye damu, kwa sababu hapo ndipo mwari anapoamua kubaki au kuondoka. Kila mtu anajua kumpongeza aliyepiga. Kazi ya kungwi inaanza mshale ukishaondoka. Mwambie asishuke. Akumbuke mnyama alisimama wapi na alipotelea wapi, atazame saa. Mkishuka, utafuteni mshale kwanza, uuinue kwenye mwanga, mpe aushike na aunuse. Damu ya waridi yenye mapovu ni ya mapafu: ngojeni nusu saa, mnyama hayuko mbali. Damu nyeusi nzito ni ya ini: ngojeni saa nne au zaidi. Mshale wenye utando wa kijani na harufu ya choo umepita tumboni, na hapo mnarudi nyumbani mnywe chai, mje baada ya saa nane hadi kumi na mbili. Ukimfuata mapema atainuka, ataenda maili nzima, naye atakufa kwa mateso mahali usipopajua. Damu ikikatika, fanyeni kama tulivyofanya usiku ule, mmoja asimame kwenye alama ya mwisho. Mkishindwa kabisa, piga simu. Michigan inaruhusu mbwa wa kunusa aliyefungwa kamba kwa masharti yake, na wapo watu wanaoitwa usiku wakaja na mbwa wao. Kila kikundi kiwe na namba zao kabla ya Oktoba.

Mwari aliyempoteza mnyama akaachwa peke yake na aibu yake harudi tena. Nimewaona watatu wa namna hiyo, na mmoja alikuwa mpiga shabaha hodari kunishinda.

Ndugu zetu Waislamu huniuliza kama nyama ya mshale ni halali. Wanazuoni wameieleza siku nyingi, wakitegemea hadithi ya Adiy bin Hatim: taja jina la Mwenyezi Mungu unapouachia mshale, uwe umechoma kwa ncha na si kumgonga kwa ubavu, na ukimkuta hai umchinje. Hata mnyama aliyepatikana kesho yake akiwa hana jeraha jingine ila la mshale wako ana hukumu yake humo, na aliyeangukia majini pia ana yake. Muulize shehe wako kabla ya msimu, si ukiwa umesimama juu ya mnyama. Nimefurahi mno kuona jinsi jambo hili moja lilivyowafungulia mlango akina baba waliodhani mchezo huu si wao.

Na akina mama. Mwaka 1991, katika chuo kikuu cha Stevens Point, Wisconsin, profesa Christine Thomas alianzisha mafunzo ya nyikani kwa wanawake, na yakaenea majimbo mengi. Aliona jambo jepesi, kwamba wanawake wengi walitaka kuja ila hakuna aliyewafundisha bila kuwaharakisha au kuwacheka. Kwetu hali ni hiyo hiyo. Dada anakuja uwanjani anakuta wanaume kumi na wawili, kila mmoja anampa somo lake. Mpeni mwalimu mmoja, ikiwezekana mwanamke, na wengine wanyamaze.

Mashamba sasa. Mwenye shamba anaombwa Juni au Julai, na mtu aliyevaa nguo za kawaida, gari safi, mtoto wake akiwa naye kama anaye. Usimwombe kuwinda siku ya kwanza. Muulize kulungu wanamlia mahindi kiasi gani, na hapo utamsikiliza nusu saa. Mwambie utaegesha wapi, utaingia saa ngapi, na kwamba utachukua majike, kwa sababu madume yenye pembe kila mtu anayataka, ila jike ndiye anayezaa wala mahindi wa mwaka kesho. Mwandikie namba ya gari lako kwenye karatasi. Akikukatalia, mshukuru kama aliyekukubalia. Mimi nilikataliwa shamba moja miaka miwili, mwaka wa tatu mwenyewe akanipungia mkono barabarani. Akikubali, Desemba rudi na nyama iliyokatwa, ikafungwa, ikagandishwa, na siku moja ya kazi: uzio, kuni, chochote. Mwari wako awepo kwenye yote hayo, maana shamba likipotea ni lake pia.

Nyama ni mjumbe wetu mkubwa kuliko maneno. Hadharani usionyeshe picha ya mnyama ulimi nje na damu puani. Mfute uso, mkunje miguu, piga picha kwa heshima, au usipige. Wasiowinda katika jimbo hili ni wengi kutushinda mara nyingi sana, nao wana kura. Novemba 2006 watu wa Michigan waliulizwa kama hua wawindwe, na karibu asilimia 69 wakasema hapana. Hatutashinda kura ya namna hiyo kwa kubishana. Jirani aliyekula mchuzi wako wa kulungu, uliopikwa kwa nazi na tangawizi, akakuuliza umeupataje, huyo atafikiri mara mbili kabla ya kutia alama kwenye karatasi ya kura. Kanisa letu hupika sufuria mbili kila Desemba. Nyama inayozidi wapelekewe wanaogawa chakula kwa wahitaji, kupitia wachinjaji wanaopokea kulungu kwa kazi hiyo. Na kwa kuwa ugonjwa wa kukonda wa kulungu umo Michigan tangu ulipogunduliwa kwa wanyama wa porini mwaka 2015, peleka kichwa kipimwe pale Idara ya Maliasili inapopokea, kabla hujamlisha mtu.

Jambo la fedha wengi hawalijui, kwa hiyo nilieleze. Tangu mwaka 1937 sheria ya Pittman-Robertson inatoza kodi kwenye bunduki na risasi kwa ajili ya wanyamapori, na mwaka 1972 Bunge likaongeza vifaa vya upinde. Upinde unaonunua leo una asilimia 11 ndani yake, inayokatwa kwa mtengenezaji. Fedha hizo hugawiwa majimbo kwa kuangalia ukubwa wa eneo na idadi ya watu wenye leseni, na kwa kawaida serikali kuu hulipa hadi robo tatu ya gharama za mradi, jimbo robo. Maana yake, hata mwaka ambao kazi za zamu zimekubana na hutaingia msituni, nunua leseni yako. Jina lako linahesabiwa, na hesabu hiyo inaleta fedha Michigan za kununua ardhi, kutunza misitu na kujenga viwanja vya shabaha. Nenda pia kwenye mikutano ya Tume ya Maliasili, ambako mwananchi yeyote anaweza kujiandikisha akasema. Nimekaa kwenye mikutano hiyo nikawa mtu pekee mwenye lafudhi yangu, na walinisikiliza.

Shemeji yake yule kijana anafanya kazi ya kuwatunza wazee, zamu za usiku, kwa hiyo tumepanga Jumamosi saa tisa alasiri, akishaamka. Jumamosi iliyopita nilimpima. Mikono yake ni mifupi, ana nguvu nzuri za mgongo, na jicho lake linalotawala ni la kushoto, wakati upinde wangu mdogo ni wa mkono wa kulia. Sitaki aanze nao. Natafuta wa kushoto, ratili 30 hadi 40, unaorekebishika. Mwenye nao kabatini aje nao uwanjani Jumamosi, na kama ana muda abaki amshikie kiwiko.